Chapa 25 za Shosho

Mwenye duka la vyuma aliniuliza mara tatu shaba ni ya nini. Mara ya kwanza nilimwambia ni ya kuchora. Mara ya pili nikamwambia ni ya kuchapia picha. Mara ya tatu alimwita mwenzake kutoka nyuma ya duka, wakanitazama wote wawili kuanzia viatu kwenda juu. Sikuwalaumu. Ilikuwa Juni 2022. Januari mwaka huo minara ya laini ya umeme inayoingia Embakasi ilikuwa imeanguka, sehemu kubwa ya nchi ikakosa stima, lawama zikawaangukia wanaong'oa vyuma, na serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu hadi Mei. Aliyekuwa akitafuta shaba Nairobi siku hizo alikuwa ama fundi wa umeme ama mwizi wa nyaya, nami sikufanana na fundi wa umeme.

Nilitoka na bamba la sentimita 20 kwa 25, unene milimita moja, uzito karibu nusu kilo. Nililifunga kwa gazeti, nikaliweka kwenye begi kati ya sweta mbili, na kwenye matatu ya kurudi Kangemi nililipakata njia nzima.

Nilitaka kuchora uso wa Shosho. Simaanishi nyanya yangu wa damu. Ni Shosho wa mahindi, pale stejini, anayejulikana na kila mtu anayeshukia hapo jioni akiwa na njaa. Nilikuwa nimechapa picha kwa mbao miaka sita, yaani kuchonga ubao, kuutia wino na kuubana kwenye karatasi. Nairobi uchapaji wa mbao una wenyewe na una mashabiki. Ukitaja chapa, watu wanafikiria michoro ya matatu ya Dennis Muraguri au kazi za Peterson Kamwathi, na wana haki. Lakini mbao inataka mstari wa kujiamini, na uso wa Shosho si wa mistari ya kujiamini. Una mikunjo ndani ya mikunjo. Jicho la kulia halifunguki lote, miaka ya moshi imeliweka nusu. Juu ya nyusi ya kushoto kuna kovu dogo lenye umbo la mdomo wa chungu, na sikuwahi kumuuliza lilitoka wapi. Uso kama huo unataka sindano.

Kwa asiyeijua echingi, yaani kuchora bamba la chuma kwa dawa inayokula, kazi yenyewe iko hivi. Unalipasha bamba moto na kulipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na lami na ulimbo, tabaka jembamba tu. Unalifusha kwa mshumaa mpaka liwe jeusi tii, ili ukikwaruza shaba ing'ae chini ya sindano. Unachora. Kisha unalitia kwenye dawa, na dawa inakula pale tu ulipokwaruza, kwa sababu kwingine nta imeziba. Mstari uliokaa muda mrefu kwenye dawa unakuwa na kina, unashika wino mwingi, unatoka mweusi. Uliokaa kidogo unatoka kama unywele. Mkono wako unaamua mstari uende wapi. Saa ndiyo inayoamua uwe mzito kiasi gani.

Jumamosi tatu nilikaa kwenye kreti ya soda kando ya jiko lake nikichora kwenye daftari. Shosho hakukaa kuchorwa hata dakika moja. Anageuza mahindi, anapepea makaa, anakata ndimu, anapaka pilipili, anarudisha chenji. Nilijifunza kungojea aliporudia mkao mmoja, ule wa kuinamia jiko na kuinua macho kumtazama mteja kabla hajajibu bei. Jumamosi ya nne nilikuja na bamba lenyewe, limeshapakwa nta na kufushwa, nikaanza kuchora moja kwa moja.

"Kijana, hicho ni nini, sufuria?"

"Ni bamba, Shosho. Nakuchora."

"Unanichora kwa sindano?"

Akasogea kuona, nami nikasogea kumwonyesha. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja, kwamba nta ni nta na jiko ni jiko. Upande wa chini wa bamba ulianza kumeremeta. Mistari ya shingo, iliyokuwa imenichukua saa nzima, ililegea ikaanza kujiziba mbele ya macho yangu. Nililirusha begani kama mtu aliyeungua, wateja wakacheka. Shingo ya Shosho kwenye chapa zote 25 imefunikwa na leso, na watu huniambia leso ile ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Ndivyo ilivyopatikana.

Nilimpa shilingi 1,000 na kumwahidi chapa moja. Akazipokea akishangaa. "Za nini, na mimi nimekaa tu hapa?" Nilijiona mkarimu siku hiyo.

Dawa niliyotumia ni feriki kloraidi, ileile wanayotumia mafundi wa elektroniki kutengeneza bodi za saketi, na niliinunua huko huko kwenye maduka yao. Ni rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Haitoi moshi mbaya kama asidi ya nitriki, lakini usiidharau: ikidondokea shati, shati hilo ni la kazi milele, na ikigusa bomba la sinki inaanza kulila.

Mshauri wangu alikuwa daftari la zamani la mafunzo, na lilisema: mistari myepesi dakika 10, ya kati 25, mizito saa moja. Nikafuata kama dua. Nililiweka bamba kifudifudi, maana likilala chali machicha yanajaa kwenye mistari na kuizuia dawa. Niliweka kengele kwenye simu. Nikalitoa, nikaziba mistari myepesi kwa vanishi, nikalirudisha, nikalitoa, nikaziba, nikalirudisha. Mwisho nikaosha nta kwa mafuta ya taa na kuchapa chapa ya kwanza ya majaribio.

Ilitoka kama uso uliochorwa kwa penseli ya mtoto kisha ukafutwa.

Nililaumu wino, kisha karatasi, kisha mashine ya karakana tunayotumia kwa pamoja, ambayo haikuwa na kosa lolote. Siku mbili baadaye, nikioga maji baridi, ndipo nilipoelewa. Ilikuwa Julai. Asubuhi za Julai hapa kwetu joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na chumba changu hakijui jua ni nini. Daftari lile liliandikwa na mtu aliyefanya kazi kwenye joto. Dawa ikiwa baridi inakula polepole. Dakika 10 zangu labda zilikuwa 4 za mwenzangu.

Kurudisha nta juu ya mistari iliyokwisha kuliwa na kuifungua tena mmoja mmoja ni kazi ambayo simwombei adui. Niliifanya wiki tatu. Safari hii trei ya dawa niliikalisha ndani ya karai kubwa la maji ya moto, nikawa nayabadilisha kila yalipopoa, na sikutegemea saa peke yake. Kila baada ya muda nilitoa bamba, nikalisuuza, nikapitisha ncha ya sindano kwenye mstari kusikia kina. Kidole husikia kabla ya jicho kuona. Hata hivyo nta ilikuwa imekuwa nyembamba mno upande wa shavu, dawa ikapenya, ikaacha vitundu vidogo. Nilivisugua kwa mgongo wa kijiko cha chuma mpaka nikachoka, vikapungua, havikuisha. Dawa iliyochoka sikuimwaga kwenye mtaro. Niliitia magadi, yaleyale ya kupikia githeri na mboga, ikachemka povu, tope likatua chini, ndipo nikajua imeishiwa ukali. Nilicheka peke yangu kuona kitu cha jikoni kwa mama kikimaliza kazi ya karakana.

Kuhusu uchapaji wenyewe nitasema machache, ingawa ndio niupendao zaidi. Wino unaujaza bamba lote kwa kipande cha kadibodi, kisha unaupangusa. Nje wanatumia kitambaa cha wavu mgumu cha kazi hiyo. Mimi nilinunua chachi Biashara Street, nikaitia wanga, nikaianika ikakakamaa. Unapangusa kwa mizunguko mpaka wino ubaki ndani ya mistari tu. Mwisho unapaka chaki kidogo kiganjani na kupitisha nyama ya kiganja juu ya shaba, kama unavyomfuta mtoto uso. Karatasi ni ya pamba, imelowekwa na kukaushwa nusu, ili ikibanwa chini ya roli iingie kwenye mistari na kunyonya wino. Mashine haitumii umeme, inazungushwa kwa mkono. Stima ilipotea mara mbili wiki ile, nami nikaendelea kwa mwanga wa dirisha. Kila chapa ilinila dakika 40, na siku niliyojitahidi sana nilitoa tano.

Sasa hii nambari 25. Watu huniuliza kwa heshima kubwa kwa nini 25, wakitarajia maana. Karatasi ya Fabriano, ile ya kuchapia kutoka Italia, ya sentimita 50 kwa 70 inakatwa vipande vinne vinavyolitosha bamba langu. Nilikuwa na pesa za karatasi 10. Hivyo vipande 40. Kumi na viwili viliishia kwenye majaribio na makosa. Vikabaki 28: chapa 25 za kuuza na 3 za msanii. Bamba la shaba lingeweza kutoa chapa nyingi zaidi kabla mistari haijachakaa. Mpaka ule niliuweka mimi, na uliwekwa na mfuko wangu. Nikaandika kwa penseli chini ya kila moja, kushoto 1/25, 2/25, mpaka mwisho, kulia sahihi. Kwa penseli kwa sababu haififii na haivuji kwenye karatasi ya pamba. Wateja wengi wanataka 1/25 wakidhani ndiyo bora. Nilizipa nambari zikiwa zimekauka na kuchanganyika mezani. Hata mimi sijui ya kwanza kutoka mashineni ni ipi.

Nilimpelekea Shosho ya kwake, 2/25, ndani ya fremu yenye kioo. Mjukuu wake, kijana wa boda, ndiye aliyeitazama kwanza.

"Aah, Shosho, huyu si wewe. Kovu liko upande mwingine."

Moyo ulinishuka. Alikuwa sahihi. Nilimchora nilivyomwona, na karatasi ikilala juu ya bamba, kila kitu kinageuka. Mchapaji yeyote anajua hilo. Hata mimi nililijua, kama mtu anavyojua njia ya kwao kisha akapitwa na steji. Wenye kazi hii huchora kinyume kwanza, au humtazama mchorwa kupitia kioo. Rembrandt alipojichora mwenyewe alitumia kioo, hivyo karatasi ilimrudishia uso wake upande ambao majirani zake waliujua. Mimi nilikaa kwenye kreti nikachora moja kwa moja, na watu 25 walikuwa wanakaribia kununua Shosho aliyepinduliwa.

Shosho alinyamaza. Akafuta mikono kwenye aproni, akaichukua fremu, akaenda nayo kwenye nguzo ya kibanda. Pale kuna kipande cha kioo kilichovunjika, kimeshikiliwa na misumari miwili, ambacho hujitazamia asubuhi akifunga kitambaa kichwani. Akaiweka fremu kando ya kile kioo. Akajitazama, akaitazama, akajitazama.

"Ndiye mimi," akasema. "Kila asubuhi namwona huyu. Wewe ndiye unayeniona vibaya."

Kijana wa boda akabisha, akamshika hata nyusi kumwonyesha. Hakuyumba. Alikuwa na hakika kuliko sisi wote, na nimewaza mara nyingi kwamba kati ya watu wote wanaopita stejini pale, uso ule nilikuwa nimemchorea yeye peke yake bila kujua.

Amani hiyo haikudumu. Chapa zilitundikwa kwenye maonyesho mjini, shilingi 12,000 kila moja, na picha ikazunguka kwenye simu. Jumatatu nilipopita kununua hindi, Shosho hakunichagulia. Kwa kawaida hunichagulia.

"Hindi moja nauza 30," akasema akilipepea jiko. "Wewe unauza uso wangu elfu kumi na mbili. Mara ngapi?"

"Mara 25, Shosho."

Akapiga hesabu haraka kuliko mimi. "Laki tatu."

Nikaanza kujieleza: ukumbi unachukua asilimia 40, karatasi inatoka nje, shaba, dawa, fremu, miezi minne. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayesema hindi ni dogo. Nilipomaliza akasema, "Sijasema unilipe. Nimeuliza mara ngapi. Na nani anajua ni 25?"

"Nimeandika kwenye kila moja. Tena nina daftari."

"Daftari liko kwa nani?"

"Kwangu."

Shosho alicheka mpaka akakohoa. Kijana wa boda naye akacheka. Nilirudi nyumbani bila hindi.

Sijawahi kuulizwa swali kali kama hilo na mnunuzi yeyote. Wao huona 7/25 na kuridhika. Nami nilikuwa nimefikiria nambari kama jambo kati yangu na mwenye pesa. Haikunijia kwamba mwenye uso naye ana haki ya kujua ameenda mara ngapi na kwa nani. Tena 1,000 niliyompa, ambayo nilijiona mkarimu kwayo, ilikuwa bei ya mahindi 33 na chenji.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na daftari. Tuliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili rahisi: theluthi ya kila kinachonifikia mkononi ni yake, kwa kila chapa, hata zilizokwisha kuuzwa. Akatia sahihi, mjukuu akashuhudia. Nakala ya ukurasa na orodha ya chapa akabaki nazo yeye. Mimi si mtakatifu. Usiku ule nilipiga hesabu mara mbili na iliniuma.

Iliniuma zaidi Novemba. Kampuni moja ya Upper Hill ilitaka chapa 20, za kutundika vyumba vya mikutano na kuwapa wageni wao. Zilikuwa zimebaki 11. Mama aliyenipigia alikuwa mwungwana sana. "Si bamba bado unalo? Ongeza tu hizo tisa." Nililitazama bamba, lilikuwa kwenye rafu limepakwa mafuta lisipate kutu ya kijani. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa. Kuna wachapaji wanaotoa toleo la pili kwa rangi nyingine na kulitaja wazi kuwa ni la pili, na si dhambi ikisemwa mapema. Mimi sikuwa nimeisema. Nilimwambia ninazo 11. Akashukuru, wakaenda kununua picha za majengo ya jiji zilizochapwa kwenye turubai. Nimezipita siku moja mapokezi. Sina la kusema.

Ndipo nikaamua kuliua bamba. Desturi ni kulikwaruza msalaba mkubwa juu ya mchoro, kutoka kona hadi kona, ili atakayechapa baadaye aonekane. Sababu zipo: Rembrandt alikufa 1669, mabamba yake yakapita mikono mingi, yakachapwa na kuchapwa tena kwa miaka mingi, mengine yakitiwa sindano upya na watu ambao hakuwahi kuwaona. Nilienda kumwambia Shosho, nikidhani atafurahi kuona ushahidi wa ile 25 yake.

"Unataka kunikata uso?"

"Si uso, Shosho, ni bamba."

"Na huyo aliye kwenye bamba ni nani?"

Hapo sikuwa na jibu. Alikataa kabisa, na jinsi alivyokataa ilinionyesha kuwa halikuwa jambo la mzaha. Tulikubaliana litobolewe, mbali na kichwa. Nililipeleka Kamukunji kwa fundi wa masanduku ya bati. Huko nyundo hazinyamazi. Nikakumbuka kwamba kuchora chuma kwa asidi kulianzia kwa watu kama hawa, mafundi wa Ulaya waliotia nakshi mavazi ya chuma ya vita, kabla ya wachoraji kama Daniel Hopfer wa Augsburg kuichukua na kuipeleka kwenye karatasi, karibu mwaka 1500. Fundi aliuliza shaba nimeitoa wapi. Nikamwonyesha uso. Akautazama sana, akasema, "Huyu si wa mahindi, Kangemi?" Akatoboa tundu mbili kwenye kona za juu, hakunilipisha.

Nilichapa karatasi moja ya mwisho, tundu zikatoka kama vidonge viwili vyeupe kando ya kitambaa chake cha kichwa, nikaibandika kwenye daftari. Bamba nikampelekea. Nililisugua likang'aa na kupitisha waya kwenye zile tundu.

Kijana wa boda alilipokea, akaligeuza kwenye mwanga. Kwenye shaba hakuna kilichopinduka. Kovu liko pale anapolijua yeye.

"Sasa huyu ndiye wewe," akamwambia.

Shosho akalitazama kidogo, akachukua hindi nililokuwa nimeshika ili anipakie pilipili upya. Nilimuuliza kama atalitundika pale kibandani, wateja walione.

"Shaba? Hapa stejini?" Akalifunga kwa leso, akaliweka chini ya kreti aliyokalia. "Likae nyumbani kwangu, karibu na kitanda."